Hadithi kiasi gani, mchezo kiasi gani? Jibu kwa watengeneza gemu wa Lindi

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Tuko watatu hapa Lindi mjini, tunatengeneza gemu ya simu kwa Godot, programu ya kuundia gemu, kuhusu wapagazi waliobeba mifupa ya mjusi wa kale (dinosaria) kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandarini enzi za Mjerumani. Mimi ndiye mwandishi, nimejaza daftari kurasa 40, picha zake nimekutumia pamoja na gemu yenyewe. Steji ziko 12, kila moja dakika 4 hivi. Tuliwapa vijana wa kibanda cha gemu wajaribu, wote wakawa wanaruka maneno. Mwenzangu anayeandika msimbo anataka tufute hadithi yote tubaki na kubeba na kukimbia. Mimi naona bila hadithi hakuna gemu. Nani yuko sahihi, na kipimo ni kipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Daftari nimelisoma lote. Nianze na hesabu, maana ugomvi wenu umejificha humo. Kurasa zako zina maneno kama 200 kila moja, kwa hiyo kurasa 40 ni maneno 8,000. Msomaji wa kawaida akisoma kimya humaliza maneno 200 hivi kwa dakika. Hadithi yako peke yake basi ni dakika 40, na steji 12 za dakika 4 ni dakika 48. Kijana amekuja kucheza, nanyi mnamtaka atumie karibu nusu ya muda wake kusoma maandishi madogo kwenye skrini ya simu. Lazima aruke.

Mwenzako naye asishangilie. Mkifuta hadithi yote mtabaki na mtu anayekimbia na mzigo huku akikwepa mashimo, na gemu za aina hiyo zimejaa kwenye kila simu, tena za bure, zimetengenezwa na kampuni zenye wachoraji na fedha msizokuwa nazo. Kwa kukwepa mashimo hamtawaweza. Wasichokuwa nacho wao ni Tendaguru.

Acheni kugombania kiasi. Asilimia sahihi haipo. Tetris, aliyoitengeneza Alexey Pajitnov mwaka 1984, haina hadithi hata ya mstari mmoja na inachezwa mpaka leo. 80 Days ya mwaka 2014 karibu yote ni maandishi, nayo ina wapenzi wake. Cha kuuliza ni hiki: kile kitendo ambacho hadithi inakihusu, ndicho kidole cha mchezaji kinachokifanya? Vikiwa viwili tofauti, hata maneno 500 yatamchosha. Vikiwa kimoja, mchezaji atakuwa ndani ya hadithi bila kuambiwa asome.

Mfano mzuri kwa watu wenye bajeti ndogo ni Papers, Please ya Lucas Pope, ya mwaka 2013. Mchezaji ni ofisa wa mpakani. Kazi yake ni kukagua pasi na kugonga muhuri, basi. Analipwa kwa kila mtu aliyemhudumia sawasawa. Makosa mawili ya kwanza ya siku anaonywa tu, yanayofuata anakatwa fedha, na jioni anagawa kilichobaki kati ya kodi ya nyumba, chakula, kupasha nyumba joto na dawa. Kisha anapita mwanamume mwenye karatasi zote, nyuma yake anafika mkewe ambaye hana kibali. Hakuna anayekuhutubia kuhusu huruma. Muhuri uko mkononi, foleni ni ndefu, na mtoto nyumbani anaumwa. Hadithi yote imo kwenye kugonga muhuri.

Ninyi kitendo chenu ni kubeba, na hapo mmebahatika, kwa sababu historia yenyewe ni ya kubeba. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka kile kilima kati ya mwaka 1909 na 1913 zikaja pwani kwa mabega na vichwa vya watu. Tatizo ni kwamba kubeba kwenu hakuna uzito. Mpagazi wenu akiwa na mzigo anakimbia kwa kasi ileile ya asiye na mzigo, anaruka juu ileile, na steji inampa nyota tatu akifika chini ya dakika 3. Kurasa zako zinawalilia wapagazi wanaoswagwa, halafu steji inamzawadia aliyewaswaga zaidi. Mchezaji huamini kinacholipwa, maneno huyaacha yapite. Hata gemu kubwa zimeingia mtego huu: mwaka 2007 mbunifu Clint Hocking aliikosoa BioShock kwa sababu uchezaji wake unakuachia uchague kujinufaisha mwenyewe au kuokoa wengine, lakini hadithi yake inakulazimisha kumsaidia mtu fulani upende usipende. Mikono inasema hili, mdomo unasema lile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mwenzako wa msimbo, na ni ya namba. Anzieni hapa, kisha mrekebishe kwa kujaribu. Mpagazi asiye na mzigo aende kasi ya 4. Akibeba kilo 25, iwe 2.5. Akibeba kilo 50, iwe 1.4. Pumzi ianzie 100 na ipungue 2 kwa sekunde kwenye tambarare, 5 kwenye mlima, na mara mbili ya hapo kwa kilo 50. Akitua mzigo, irudi 10 kwa sekunde. Kwa namba hizo, kwenye tambarare pumzi humalizika baada ya sekunde 50, na katika steji ya dakika 4 atatua mzigo mara tatu au nne. Hapo atajua kubeba ni nini.

Kuna mahali hii huharibika. Mchezaji akipunguzwa kasi bila kuonyeshwa sababu hudhani simu inakwama. Magoti yakunje, hatua zifupike, pumzi isikike, yote kabla ya kasi kushuka. Jambo la pili ni uchovu wa kweli: mwendo wa polepole unavumilika ikiwa ndani yake kuna la kuamua. Sekunde 20 za kutembea tu bila uamuzi wowote zinatosha kumfanya mtu afungue programu nyingine.

Nyota za muda zifuteni leo. Lipeni kwa mifupa iliyofika mizima na wapagazi wenzake waliofika nayo. Historia inawapa na namna: mifupa ilifungashwa kwa plasta na udongo, na ile mikubwa ikafungwa kwa mianzi. Mpeni mchezaji mianzi 10 kabla ya safari na mizigo mitatu ya kufunga. Kila mwanzi uongeze kilo 1, na kila mwanzi uuokoe mfupa na anguko moja. Aliyefunga mianzi minane kwenye paja la mjusi amelilinda, lakini atapanda mlima na kilo 33 na mizigo miwili iliyobaki itakuwa karibu uchi. Uamuzi huo wa nusu dakika unaeleza kazi ya Tendaguru kuliko kurasa zako tatu za mwanzo, ambazo ni nzuri kusoma ila hapa hazina kazi.

Sasa tuje kwenye daftari. Pitia kila aya uiandikie pembeni herufi moja. T kwa jambo linaloweza kutendwa na mchezaji. O kwa linaloweza kuonekana tu njiani. S kwa lile ambalo lazima lisemwe na mtu. M kwa lile ambalo mwandishi analihitaji ili asipotee, na mchezaji halihitaji kabisa. Usishangae M ikiwa nyingi. Aya hizo usizichane, zibaki kwenye daftari, ndizo zinazofanya maneno machache yatakayobaki yawe na mtu nyuma yake. S isizidi maneno 1,500 kwa gemu nzima.

Nichukue ukurasa wa 17 hadi 19, yule mpagazi mzee anayeishiwa nguvu karibu na mto. Umempa hotuba ya maneno 600 kuhusu Vita vya Maji Maji, njaa iliyofuata, na kwa nini alikubali kazi ya mzungu. Ni maandishi mazuri, na hakuna atakayeyasoma akiwa na mzigo kichwani.

Fanya hivi. Mzee aanze kutembea mbele ya mchezaji tangu steji ya 3, naye ndiye mwimbishaji. Anatoa mstari, mchezaji anagusa skrini wakati wa kiitikio, na akiitikia kwa wakati pumzi inarudi 6 bila kutua mzigo. Kwa steji tatu nzima mchezaji anazoea kumtegemea, na hajaambiwa ampende. Steji ya 6, mstari wa mzee uchelewe nusu sekunde. Kidole cha mchezaji kitawahi na kukosa. Mstari unaofuata uchelewe sekunde nzima. Wa tatu usije kabisa, na pumzi isirudi. Mchezaji atamtazama mzee kabla hujaandika neno. Kisha mzee anakaa chini, anatua mzigo, anasema: "Tangulieni. Nitawakuta mtoni."

Maneno matatu. Usiweke menyu yenye vitufe viwili vya "Msaidie" na "Mwache". Mzigo wa mzee uko chini, mchezaji anao wake. Akiugusa, anabeba kilo 50 na kwenda kwa kasi ya 1.4 hadi mtoni. Asipougusa, anapita. Gemu isimsifu wala kumsuta. Yale mengine ya Maji Maji yaingie kwa macho: vita viliisha 1907 na uchimbaji ukaanza 1909, kwa hiyo njia yenu ipite kwenye shamba lililoota msitu, nyumba zisizo na paa, kinu kilicholala kwenye majani. Mtu wa Lindi ataelewa bila maelezo. Wa mbali atauliza, na kuuliza kwake ni faida kwenu.

Maneno yanayobaki yasemwe watu wakitembea. Kwenye God of War ya mwaka 2018 simulizi nyingi hutolewa wahusika wakiwa ndani ya mtumbwi. Wakifika nchi kavu msimulizi hukatiza, wakirudi majini anaendelea alipoishia. Mbinu hii ni rahisi kuijenga: kila mazungumzo yakumbuke mstari wa mwisho uliosomwa, na muwe na viunganishi sita au saba vya kuchaguliwa kwa bahati nasibu, kama "Ehee, nilikuwa nasema…" au "Tuliishia wapi vile?" Lugha yetu ina utajiri wa hivi, tumieni. Lakini msiweke maneno mahali penye hatari. Jicho haliwezi kusoma na kulenga jiwe la kukanyaga kwa wakati mmoja, na kwenye gemu mliyonitumia maandishi yanajitokeza mtu akiwa katikati ya mto. Hiyo pekee inatosha kueleza kwa nini vijana waliruka. Tambarare mtu aongee, bondeni na mtoni wote wanyamaze.

Kila kauli iwe na maneno 8 hadi 12, kwenye mistari miwili ya skrini isiyozidi herufi 32 kila mmoja. Kiswahili kina maneno marefu: "watakaponirudishia" ni herufi 18, zaidi ya nusu ya mstari. Kisanduku cha maneno mkiweke kikunje kwa neno zima, wala msikipime kwa maneno ya Kiingereza yaliyokuja na kiolezo. Na rangi: herufi nyeupe juu ya anga la mchana hazisomeki mtu akiwa juani kituo cha basi. Wekeni kivuli cheusi nyuma yake.

Kushindwa nako ni sehemu ya hadithi, na kwenu kumesahaulika. Sasa hivi mfupa ukivunjika yanatokea maandishi mekundu, mchezaji anarudishwa mwanzo wa steji, na anaonyeshwa upya kile kipande cha kutazama cha sekunde 40. Mara ya tatu atakichukia, na hadithi yako nayo ataichukia. Sehemu ya kurudia iwekwe baada ya kipande cha kutazama, kamwe isiwe kabla yake. Bora zaidi, msimrudishe. Hades, ya mwaka 2020, ilijengwa hivi: ukifa unarudi nyumbani, na waliopo wana maneno mapya kuhusu kufa kwako, kwa hiyo kushindwa kunasukuma hadithi mbele. Kwenu mfupa uliovunjika uhesabiwe umevunjika, safari iendelee, na jioni kambini mpagazi mmoja alitaje hilo kwa sentensi moja.

Kuhusu matawi: umepanga chaguzi tano ambazo kila moja inaigawa hadithi mara mbili bila kukutana tena. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni njia 32. Watu watatu hamtaziandika 32 zikawa nzuri. Chagua tatu tu zinazokumbukwa, na njia zote zirudi kwenye shina. Kinachobadilika ni nani yuko kambini, anasema nini, na mifupa mingapi imefika. Mchezaji hahitaji barabara nyingine ili aone kwamba alichokifanya kilihesabiwa. Anahitaji mtu mmoja akikumbuke.

Simu ina masharti yake. Wengi huchezea bila sauti, hasa ndani ya basi la Lindi kwenda Mtwara, kwa hiyo ule wimbo lazima uonekane: bega la mzee lipande na kushuka kwa mdundo, ili asiyesikia aitikie kwa macho. Simu ikiita katikati ya steji, Android inaweza kuiua gemu yenu kimya kimya. Hifadhini hali ya mchezo kila mzigo unapotuliwa na kila programu inapopelekwa nyuma. Akirudi baada ya siku mbili, mwonyesheni mstari mmoja wa kumkumbusha, basi. Sauti za kurekodi zipimeni kwa bando la mtu: dakika moja ya sauti ya mkondo mmoja kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni kilobaiti 480, kwa hiyo dakika 10 za mazungumzo ni karibu megabaiti 5. Hizo zinabebeka. Dakika 40 zingekuwa karibu 20 kwa maneno yanayorukwa.

Mwisho wenu wa Berlin ubaki, lakini maandishi yote ya pale yaondoke. Yule mjusi mkubwa, Giraffatitan, alisimamishwa makumbusho ya Berlin mwaka 1937, na alivyo sasa ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Mpe mchezaji kamera tu, aizungushe kuanzia miguuni kwenda juu. Ile mifupa aliyoibeba yeye ing'ae kidogo anapoigusa, na akiigusa aone jina la steji aliyoivusha. Iliyovunjika iache pengo. Mlichokionyesha si taarifa ya makumbusho, kwa hiyo semeni waziwazi kwenye skrini ya mwisho kwamba mapengo ni ya gemu.

Na kwa kuwa mnagusa historia ya watu, itunzeni. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ni mtu wa kweli. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Usimwekee mdomoni hotuba ya kubuni. Aonekane akifanya kazi na atoe maagizo ya kazi, inatosha. Wahusika wako wa kubuni uwape majina ya kubuni kabisa. Uchimbaji wa Waingereza ulianza 1924, kwa hiyo yule Mwingereza wako wa steji ya 9 aondoke. Vilevile ile mikorosho iliyopangwa mistari nyuma ya kambi: mashamba makubwa ya namna hiyo kusini ni ya miaka mingi baadaye. Mchoraji wenu abadilishe kuwa msitu wa miombo.

Kujaribu mlikofanya kibandani ni kuzuri, ila mlisimama nyuma ya wachezaji mkiwaelekeza, na gemu haitauzwa pamoja na ninyi. Tafuteni watu watano ambao hawajaiona, mmoja mmoja, mnyamaze kabisa. Msimbo uandike kila mara mtu anaporuka maneno: mstari gani, sekunde ya ngapi. Watatu kati ya watano wakiruka mstari uleule, mstari huo ufutwe au uhamishwe, bila mjadala. Akimaliza, msimuulize kama ameipenda, kwa sababu atasema ndiyo kwa heshima. Mwambie: "Nieleze kilichotokea." Akisema "nilikuwa nabeba mifupa nakwepa mashimo", hadithi haijaingia. Akisema "yule mzee alianza kuchelewa kuimba", imeingia, na imeingia kwa namba za mwenzako pamoja na sentensi yako moja.

Kwa hiyo msianze na steji ya 1. Jengeni ya 6 peke yake, pamoja na dakika moja ya kumzoesha mchezaji wimbo, kwa maboksi ya kijivu bila picha yoyote, mzee awe boksi refu na mzigo boksi fupi. Ni kazi ya wiki mbili. Kama hata kwa maboksi kuna watu wanaogeuka kuuchukua ule mzigo, mchoraji aanze kazi. Kama hakuna anayegeuka, ongezeni ule muda wa kuzoeana na mzee kabla hajakaa chini, na mjaribu na watu watano wengine. Sauti msilipie kurekodi mpaka jaribio hilo lipite, kwa sababu nusu ya mistari iliyoko leo haitakuwepo.